Bamvua Likipanda Bondeni

Sisi tuliokulia Pangani tuliwajua Wapemba kabla ya kuijua Pemba. Msimu ulipowadia, Wakojani, wavuvi wa Pemba, walivuka mkondo na vyombo vyao wakapiga dago kwenye fukwe zetu, wakajenga vibanda vya makuti, wakavua, wakaanika, wakauza. Jioni waliketi kwa kahawa na redio, nasi watoto tuliwazunguka kusikiliza masimulizi ambayo nusu yake yalitupita, maana Kipemba kina mwendo wake. Mzee mmoja alizoea kutuambia kwamba kwao nchi yote ni vilima na hori. Hutembei robo saa bila kupanda au kuteremka, na ukiteremka unaikuta bahari mbele yako hata kama uliiacha nyuma. Tulidhani anatia chumvi.

Meli ilipoingia Mkoani niliamini. Mji umepanda kilimani moja kwa moja kutoka gatini, na anayetoka bandarini na mzigo huanza kuhema kabla hajaulizwa nauli. Kwenye ramani Pemba ina kingo kama jani la mpapai. Bahari imepenya ndani kila upande, kila ilipopenya pana hori lenye mikoko, nyuma ya hori pana bonde, na baina ya bonde na bonde pana kilima chenye mikarafuu, mishelisheli na nyumba. Kisiwa kizima hakifiki kilomita za mraba 1,000. Sensa ya 2012 ilikuta watu 406,848. Ya 2022 ikakuta 543,441. Mtu wa Pangani, aliyezoea kuona mashamba ya mkonge yakinyooka mpaka macho yachoke, hujiuliza wote hawa wanalima wapi.

Wanalima vilimani na mabondeni, na kila upande una historia yake. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, cha kijani, na kabla karafuu haijatawala, Pemba ilikuwa ghala la mpunga. Majahazi yaliupakia mpaka Mombasa. Kisha Aprili 1872 kikapiga kimbunga kilichoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar imekuwa ikitoka huku. Huwa nashangaa tunavyozungumza juu ya hali ya hewa kubadilisha uchumi kana kwamba ni habari ya jana, ilhali utajiri wote wa kisiwa hiki ulihamishwa na upepo wa usiku mmoja au mchana mmoja. Mikarafuu ikashika vilima, mpunga ukabaki mabondeni. Na mabondeni ndiko bahari inakoingia sasa.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, sasa mwalimu upande wa Mkoani, alinipeleka kwa ami yake anayelima mpunga katika bonde moja la kusini. Tulimkuta juu ya tuta, jembe begani, amevaa fulana yenye maandishi yaliyopauka ya mradi wa mazingira uliokwisha zamani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi weye?"

"Wa Pangani."

"Aa! Kwa dago." Akacheka, na ukoo wetu ukawa umeshapatikana.

Tuta lenyewe ni la udongo, urefu wake wa kutembea dakika chache, limepigwa na wazee wake kwa majembe na kuinuliwa tena na kizazi chake. Upande mmoja mikoko na tope la hori. Upande wa pili makonde ya mpunga. Kazi yake haielezeki vizuri mpaka usimame pale mwezi ukiwa mpevu. Bahari ya pwani hii hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, na mkulima hulala. Bamvua kubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba. Lile la Machi na Aprili hukutana na masika, mvua inateremka kutoka vilimani ikitafuta bahari huku bahari inapanda ikitafuta bonde. Zikikutana penye tuta, ndipo mtu hujua kama tuta lake ni tuta.

Kwa hiyo tuta lazima liwe na mlango wa maji. Huu wa ami ni bomba pana la zege lililopita chini ya tuta, na kwenye mdomo wake wa upande wa hori kuna kifuniko cha mbao kinachofunguka kuelekea baharini tu. Maji ya mvua yakijaa bondeni hukisukuma yakatoka. Bahari ikijaa hukibana kikafunga. Hakuna umeme, hakuna injini. Nilipokwenda mimi, kifuniko kilikuwa kimelala topeni. Bawaba zake zilikuwa zimeliwa na kutu.

Ami alinionyesha matokeo bila kuinua sauti. Makonde ya karibu na tuta yalikuwa meupe kwa juu, chumvi imeng'aa jua lilipopiga. Yaliyofuata mpunga ulikuwa umeota lakini umedumaa, ncha za majani kahawia. Udongo wenye chumvi huunyima mmea maji hata mizizi ikiwa imelowa. Konde moja lilikuwa limeachwa kabisa, na ndani yake ilikuwa imeota miche ya mchu, mmoja baada ya mwingine, imesimama wima kama inayosubiri kuhesabiwa. Alisema mvua za masika mbili tatu nzuri zinaweza kuisafisha chumvi, mradi bahari isirudi. Na bahari hurudi kila nusu ya mwezi.

"Bawaba bei gani, ami?"

Akakisia. Pesa ambayo watu watatu wakichanga wanainunua. Basi kwa nini hawachangi? Swali langu lilikuwa la kijinga kidogo, na mwalimu alinitazama. Waliwahi kuchanga, wakanunua za chuma cha kawaida, zikaliwa. Zinatakiwa za chuma kisichoshika kutu, na fundi wa kuzipachika maji yakiwa yamepwa, na kifuniko kipya, na mtu wa kung'oa mizizi ya mikoko inayoziba mdomo wa bomba. Sheha aliandika barua. Diwani alikuja akaona. Wataalamu walikuja na vyombo vya kupimia zaidi ya mara moja, wakapiga picha, wakaandika majina. Kila anayekuja huuliza kuhusu tuta zima, urefu, gharama ya kulijenga upya kwa mawe. Hakuna aliyeandika neno bawaba. "Siye tumeshapimwa mpaka tumechoka," alisema. Akatupa machungwa ya kurudi nayo.

Bonde lake si la peke yake. Tathmini za serikali ya Zanzibar zimeorodhesha zaidi ya maeneo 100 ya Pemba ambako maji ya bahari yameingia mashambani au kwenye makaazi, idadi inayoizidi ya Unguja kwa mbali. Sababu unaiona kwa macho: penye hori nyingi, milango ya bahari ni mingi. Mahali pachache pamepata kuta za mawe na zege, kama Sipwese huko kusini na Msuka kaskazini, kazi zilizosimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais wa Muungano. Sina ugomvi na kuta. Lakini huwezi kuizungushia ukuta Pemba.

Kwenye kisiwa kidogo cha Kisiwa Panza niliuona ukuta mwingine. Tulivuka kwa mashua kutoka Chokocho, maji yakiwa kijani ya kuumiza macho, abiria wengine wamebeba mikate, saruji na mtoto mmoja mchanga aliyelala njia nzima. Ukuta wa Kisiwa Panza na ukuta mpya wa kwetu Pangani ni watoto wa mradi mmoja, kwa hiyo niliutazama kwa jicho la ndugu. Umesimama. Watoto wanautembea juu. Ila pembeni yake, ulipokwisha, bahari imeendelea na shughuli zake, na vijana walionipeleka walinionyesha minazi iliyoinama mizizi ikiwa nje. Nikawasimulia Maziwe. Kilikuwa kisiwa kamili mbele ya Pangani, chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Mivinje ikakatwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ikakimaliza. Leo ni fungu la mchanga, linazama maji yakijaa na kutokeza yakipwa, na watalii hulipiga picha. Vijana walisikiliza kwa makini kuliko nilivyotazamia. Mmoja akauliza nani aliikata. Nilijibu kwamba kila mmoja alikata kidogo.

Chakula cha mchana kilikuwa bada, ugali wa muhogo, na pweza wa nazi. Tanga nasi tunakula bada, ila tumeanza kuionea haya mbele ya wageni, tunaikimbilia sembe nyeupe. Pale ililetwa kwenye sinia kubwa ya moto kwa fahari yote, pweza ameiva mpaka hahitaji meno, na mama mwenye nyumba akasimulia habari zake huku akitugawia. Jamii ya Kisiwa Panza, ikisaidiwa na shirika la Mwambao Coastal Community Network, iliamua kufunga sehemu ya miamba yake kwa miezi mitatu hivi, hakuna kuchokoa pweza, kisha kuifungua siku moja ya bamvua kubwa wote wakashuka pamoja. Hesabu ya pweza ni nyepesi. Anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua upesi. Ukimwacha miezi michache unamkuta mara kadhaa ya uzito wake. Shughuli hiyo husimamiwa na kamati ya uvuvi ya shehia, na kazi ngumu, alisema mama, si kufunga. Kazi ni kumzuia mtu wa shehia ya jirani asiyekaa kwenye kikao chenu. Na kumzuia shemeji yako.

Kilichonikaa kichwani ni jinsi alivyoeleza sababu. Hakutaja tabianchi hata mara moja. Alisema miamba ya juu, ile ambayo wanawake huifikia kwa miguu, maji yake siku hizi yanachemka wakati wa kaskazi na matumbawe yamepauka, kwa hiyo kilichobaki lazima kigawiwe kwa akili. Nimesoma ripoti nene zisizosema mengi zaidi ya hayo.

Chake Chake nilifika na harufu ya makonyo ya karafuu puani. Kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo kiko Wawi, na upepo ukiwa upande wake mji mzima hunukia karafuu. Nilikuwa nimeomba kuonana na diwani wa viti maalumu wa baraza moja la kisiwani. Alinipokea barazani kwake alasiri, akaniambia nisimwite mheshimiwa, dada inatosha, na kabla sijauliza swali akaleta chai ya tangawizi na vitumbua.

Mpangilio wa utawala wa Zanzibar humchanganya kidogo mtu wa bara. Kwetu mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa, na akiboronga mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumpa jasho. Hapa ngazi ya chini ni shehia, na sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa. Juu yake kuna wilaya nne, na tangu sheria za 2014 za tawala za mikoa na serikali za mitaa kuna mabaraza ya miji ya Mkoani, Chake Chake na Wete, na halmashauri ya wilaya ya Micheweni. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina mkakati wake wa mabadiliko ya tabianchi wa 2014, sheria yake ya mazingira ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Ila kuta nyingine za bahari huletwa na ofisi ya Muungano, kilimo kina wizara yake, mikoko ina idara ya misitu, na mlango wa maji wa ami, ambao uko mahali mikoko, mpunga na bahari vinapokutana, una wakubwa wengi kuliko bawaba zake.

Nilimsimulia dada diwani kuhusu kifuniko kile. Hakushangaa. Akanieleza njia ya bajeti: shehia huorodhesha mahitaji, baraza hukusanya, kamati hukaa, kisha huja ukomo kutoka juu na panga hupita. Mapato ya baraza lenyewe ni ushuru wa soko, leseni za biashara, maegesho na vijitozo vya hapa na pale. Yakishalipa usafi na mafuta ya gari la taka hayabakishi kitu cha kujivunia. Tabianchi haina kifungu. Imetajwa kwenye utangulizi wa mpango, ukurasa mzima, kwa maneno mazuri. "Wananchi huniomba barabara na maji," alisema. "Hata siku moja hajatokea mtu akaniambia nitakupa kura kwa bawaba. Nami nikienda barazani na bawaba nitachekwa."

Nadhani hapa amesema kweli yote na nusu ya kisingizio. Ni kweli baraza ni maskini. Lakini matengenezo ni jambo la kisiasa vilevile kama ujenzi, tofauti ni kwamba hayana sherehe ya kukata utepe. Kenya, kaunti ya Makueni ilipitisha kanuni mwaka 2015 za kutenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi, na kamati za wadi ndizo zinazopendekeza fedha ziende wapi, iwe lambo, iwe bwawa la mchanga. Kwetu Tanzania wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro ziliwahi kujaribu njia inayofanana na hiyo kwa wafugaji. Asilimia moja ya kitu kidogo ni kitu kidogo sana, nakubali. Bawaba nayo ni kitu kidogo sana.

Na yako mambo ambayo baraza halihitaji hata hiyo asilimia. Mchanga, kwa mfano. Watu laki moja na thelathini na kitu elfu walioongezeka kisiwani kati ya sensa mbili wote wanataka nyumba za matofali, na mchanga hutoka mahali fulani: ufukweni, au shambani kwa mtu. Kibali cha ujenzi hutolewa mjini, na mahali pa kujenga hupangwa mjini. Nimeona nyumba mpya, zenye rangi bado mbichi, zimewekwa pembezoni mwa hori mahali ambapo mkaazi yeyote mwenye mvi angekwambia maji hufika. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, bara ikaja kuifuata 2019, kwa hiyo nia ya kusema hapana inajulikana huku.

Barabara ya kwenda Wete hupita chini ya mikarafuu na miembe iliyokutana juu, na msimu wa kuchuma utakuta majamvi ya karafuu yametandazwa kando ya lami. Mvua isiyo ya wakati wake ikianguka, kijiji kizima hukimbia kama adui amefika. Tulisimama Kidike kuwatazama popo wa Pemba, wale wakubwa wekundu wasiopatikana popote pengine duniani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki elfu chache, waliobaki wakiwindwa kwa nyama na miti yao ikikatwa. Vijiji vikaundiwa vikundi vya ulinzi, wageni wakaanza kulipa kiingilio, na hesabu za baadaye ziliwakuta zaidi ya 20,000. Jioni waliruka wote kwa pamoja na mbingu ikawa na kelele. Mlinzi, mkulima wa kawaida, alikuwa akiwatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi. Tuliambiwa zamani kwamba mtu mwenye njaa halindi wanyama, Kidike wamekataa.

Wete nilikula halua mpaka nikaona aibu. Haijawekwa kwenye kopo wala karatasi ya kung'aa, imefungwa kwenye kijamanda cha ukindu, bado vuguvugu, na kahawa chungu ya kuipoza. Kesho yake, maji yalipopwa, tulivuka kwa miguu kwenda Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo ambako mwaka 1984 waakiolojia walifukua hazina ya sarafu za fedha pamoja na chache za dhahabu za karne nyingi zilizopita. Watawala waliozitoa walikuwa na mji hapa. Leo unavuka tope, viatu mkononi, baina ya mikoko, na mji haupo.

Wanawake wa kikundi kimoja walikuwa topeni wakikagua mikoko waliyoipanda. Kiongozi wao alinipa somo ambalo wafadhili wengi wangepaswa kulilipia ada. Mche wa mkoko magondi ni rahisi kupanda, mrefu, unauchomeka tu; kwa hiyo kila anayekuja na lengo la miche elfu kadhaa hupanda huo, popote palipo wazi, picha zinapigwa, na baada ya bamvua chache yote imelala. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, hukaa mlilana. Magondi hutaka tope la ndani. Mkandaa hutaka nyuma zaidi, na mchu hustahimili mahali wengine wanaposhindwa. "Penye uwazi uliza kwanza kwa nini pako wazi," alisema. Wao siku hizi hupanda kidogo, na zaidi hulinda ili mbegu ziote zenyewe. Kuni? Hapo alinyamaza kidogo, akasema bila kuni mbadala ulinzi huo ni wa mchana tu. Community Forests Pemba, jumuiya iliyoanzia kazi yake kwenye kisiwa kidogo cha Kokota kilichokuwa kimebaki karibu kitupu, imekuwa ikisaidia miche na matangi ya kuvuna maji ya mvua. Lakini hata yeye alijua kwamba jumuiya huja kwa miaka ya mradi, na tope hili lipo miaka yote.

Micheweni ni Pemba nyingine. Vilima vimekwisha, mawe ya matumbawe yametokeza, mvua ni haba kuliko magharibi, na mihogo ina sura ya mtu aliyezoea dhiki. Ngezi pekee, msitu mkubwa uliobaki kaskazini, ndiyo inayokumbusha kisiwa kilivyokuwa. Hapa wanawake wanalima mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na ile aina ya bei nzuri, kotonii, imekuwa ikiwafia kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto. Ile ya bei ya chini, spinosamu, huvumilia zaidi. Dawa ni kupeleka kamba kwenye kina kirefu. Kina kirefu kinataka mashua na kuogelea, na mashua ni za wanaume. Ndivyo nyuzi joto chache za bahari zinavyohamisha pato kutoka mkono mmoja wa nyumba kwenda mwingine, na sijaona mpango wa baraza lolote, hapa wala kwetu, wenye safu ya jambo hilo.

Redio ya jamii ya Micheweni wanaisikiliza sana. Mama mmoja, miguu bado ina chumvi, aliniambia husubiri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo huamua kuvuna. Nikamuuliza kama redio huwahi kusoma bajeti ya halmashauri. Alicheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Tanzania mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, Pangani kama Pemba, na vikao vya kupanga hufanyika miezi kadhaa kabla, wakati uleule bamvua la Machi linapopanda bondeni. Wewe unayeishi pwani, mtafute diwani wako kabla ya kikao hicho. Mwulize kifungu cha kutengeneza matuta, milango ya maji na mitaro ni namba ngapi na kina shilingi ngapi. Akikuonyesha ukurasa wa utangulizi, mrudishie, umwambie unataka ukurasa wenye fedha.